Visikilizio vya Masikioni: Jinsi ya Kupima Sauti na Bei

Somo la leo linahusu kitu kidogo ambacho wengi wenu mnacho mfukoni, yaani visikilizio vya kutia masikioni. Vijana huviita iyafoni.

Mwaka 1973, katika mafunzo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walijifunza kwa makundi. Kundi zima lilizunguka redio moja. Sauti ikizidi, jirani alisema, "Punguza, bwana!" Siku hizi mtu husikiliza kwa simu yake, na sauti humwingia sikioni peke yake. Hakuna wa kumwambia apunguze. Kwa hiyo yafaa ajue kupima mwenyewe, tangu siku ya kununua.

Ndani ya kila kisikilizio mna sumaku ndogo, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na utando. Umeme wa simu ukipita katika waya, waya husukumwa na kuvutwa na sumaku, nao utando hutikisika. Mtikisiko huo ndio sauti. Ni kazi ile ile ya spika ya redio, ila imefanywa ndogo. Kazi hiyo haihitaji vitu vya thamani kubwa, ndiyo maana visikilizio vya bei nafuu vyaweza kuwa vizuri kweli. Vyaweza pia kuwa takataka.

Boksi halitakuambia. Juu yake mtasoma namba 20 mpaka 20,000. Hiyo ni hesabu ya mitikisiko katika sekunde moja, nayo ni kadiri ya kusikia kwa binadamu mwenye masikio mazuri; tena kijana, maana sisi wazee zile sauti nyembamba za juu zimekwisha kutuaga. Namba hizo huandikwa juu ya boksi la bei ndogo na la bei kubwa vilevile. Msizitegemee.

Muuzaji naye atakuwekea wimbo wenye ngoma nzito na kufungua sauti mpaka mwisho. Utatikisa kichwa, utatoa fedha. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani nikafungulia taarifa ya habari, na msomaji alikuwa kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Ngoma nilikuwa nimenunua nyingi, maneno hayakuwamo.

Sharti ujaribu kwa sauti unayoijua. Hapa kwetu tuna bahati, kwani tuna nanga. Mwimbaji wa nanga husimulia hadithi ndefu huku akigusa nyuzi, na ukiwa na wimbo wa namna hiyo katika simu yako, unao mzani. Je, unasikia uzi ukiguswa, kisha mlio wake ukififia polepole? Je, maneno ya Kihaya yanatoka wazi, au yamechanganyika na nyuzi kama uji? Wimbo wa Saida Karoli wafaa pia: ngoma isifunike sauti yake. Na jambo hili ni kubwa kuliko yote: jaribu kwa sauti ya chini. Kisikilizio kibaya hujificha nyuma ya kelele.

Lakini kabla ya kulaumu, tazama mpira wa mbele. Mara nyingi mnapewa mipira ya ukubwa wa namna tatu. Mpira ukiwa mdogo kuliko tundu la sikio, sauti nzito hutoroka, nawe utaongeza na kuongeza. Sikio la kulia laweza kutaka mpira mkubwa kuliko la kushoto, si ajabu. Mpira ukiziba vizuri, kelele za nje hupungua, na maneno utayapata kwa sauti ndogo. (Njiani viondoe. Pikipiki haitakungoja.)

Kwa nini nasisitiza sauti ndogo? Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Chembe hizo zikifa haziotI tena. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isikilizwe si zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa 4 tu. Simu nyingi hazikuonyeshi desibeli, basi sauti isipite sehemu 60 katika 100 za mwisho wake. Ukivua visikilizio na masikio yakabaki yakilia, ulizidisha.

Imebaki waya. Mara nyingi hukatika karibu na pini inayoingia kwenye simu. Ukiwa bado dukani, sikiliza huku ukiupinda taratibu mahali pale. Sauti ikikwaruza au upande mmoja ukizima, mrudishie mwenyewe.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme visikilizio vya shilingi 3,000 hufa kila mwezi, na vya shilingi 12,000 hukaa miezi minane. Kwa vile vya kwanza, katika miezi minane mtatoa 3,000 mara 8, yaani shilingi 24,000. Andikeni hesabu hiyo madaftarini, na chini yake andikeni visikilizio vyenu vya mwisho mlivinunua shilingi ngapi na vilikaa miezi mingapi. Tutazisoma katika somo lijalo.