Chembe za Mama Ndani ya Mwana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, jioni ya siku ya pili)

Wazee wetu watukufu, mama zetu, ndugu na watoto mliofika kutoka Maskati, Dubai, London na Toronto,

Nimeombwa, kwa kuwa nilifanya kazi ya uuguzi, niseme machache juu ya afya ya watoto. Nimechagua jambo ambalo baadhi yetu tunalijua kwa machozi.

Mjukuu wetu aliyetutoka kabla ya kutimiza miaka miwili alizaliwa mzima, ila macho yake yalibaki manjano. Mama yake, mpwa wangu, aliambiwa amwote jua la asubuhi. Akamwotesha, na wiki zikapita. Baada ya msiba yakazuka maneno miongoni mwetu kwamba maziwa ya mama ndiyo yaliyokuwa na ila. Maneno hayo nataka kuyajibu.

Ugonjwa ule ni wa kuziba mirija inayotoa nyongo katika ini. Nyongo ikikosa njia huliharibu ini lenyewe. Umanjano uliozidi wiki mbili, mkojo uliokoza rangi na choo kilichopauka kama chokaa: hizo ndizo dalili, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Daktari Morio Kasai wa Japani alibuni upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini, nao hufaa zaidi kabla ya mtoto kutimiza siku 60.

Chanzo chake wataalamu bado wanakijadili. Wakati wa mimba chembe chache za mama hupita kondo la nyuma na kuingia mwilini mwa mtoto, na huweza kudumu humo hata akiwa mtu mzima. Mwaka 2004 watafiti walieleza kwamba maini ya watoto wa kiume wenye ugonjwa huu yalikuwa na chembe za kike nyingi kuliko maini ya wagonjwa wengine. Wako wanaodhani chembe hizo huchochea vita ndani ya ini. Wengine wanadhani huenda zimo katika kulitengeneza. Shauri halijakatwa. Lakini mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba watoto wa ugonjwa huu waliopandikizwa kipande cha ini la mama walifanikiwa kuliko waliopewa la baba, yamkini kwa sababu miili yao ilikwisha kumzoea mama.

Chembe hizo sisi sote twaweza kuwa nazo, wazima na wagonjwa. Hakuna mama aliyezituma, na maziwa hayamo katika habari hii hata kidogo.

Mpwa wangu yumo humu ukumbini, amempakata binti yake wa wiki tano. Nisameheni kulitaja hili kabla ya chakula: jana nilikitazama choo cha binti huyo kwa macho yangu. Kina rangi ya haradali.