Hulka na Urefu wa Maisha

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tutazame jambo moja: je, hulka ya mtu ina uhusiano na miaka atakayoishi?

Mwaka 1921, mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kufuatilia watoto wapatao 1,500 wa California waliokuwa na vipaji vya akili. Miongo kadhaa baadaye, mtafiti Howard Friedman na wenzake walichunguza nani yu hai na nani amefariki. Walioishi zaidi ni wale ambao tangu utotoni walikuwa makini, waangalifu, wa kuaminika. Na hapa sikiliza vizuri: watoto wachangamfu na wacheshi, kwa wastani, walitangulia kufariki.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni mazoea. Mtu makini haachi dozi katikati, hasahau tarehe ya kliniki. Lakini hata sigara na pombe zilipohesabiwa, tofauti haikuisha yote.

Kwa upande mwingine, watoto wale wengi wao walikuwa Wazungu wa familia zenye uwezo. Je, mama asiye na uwezo huo, anayejua fika umuhimu wa dawa za presha, ila zahanati imeishiwa, na nauli ya mjini hana, tumwambie hana umakini? Mimi nakataa. Huko ni kumwonea.

Hata hivyo, hulka si jiwe. Hubadilika kadiri mtu anavyokua. Sasa basi, msikilizaji, mtoto wako anajifunza umakini kutoka kwa nani?