Wilaya ya Kyotera: Mipaka Yake na Usalama Wetu



Nimeombwa nieleze jinsi wilaya yetu ya Kyotera ilivyo na ilivyopatikana. Jambo hili lahusu usalama wa kila mmoja wetu, kwani asiyejua mpaka wake hajui pia mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Mashariki tunapakana na Ziwa Viktoria, na kusini na Tanzania. Mto Kagera, ukiisha kupita Kyaka nchini Tanzania, huingia kwetu na kumwaga maji yake ziwani karibu na Kasensero. Mwaka 1994 mto huo ulituletea miili ya ndugu zetu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na baadhi yao wamezikwa Kasensero. Msiba wa jirani haukusimama mpakani.

Mpaka wenyewe haufuati mto. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba, magharibi mwa ziwa, maeneo yao yatengwe na mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta. Mstari huo ulichorwa kwenye ramani kabla ya wapimaji kufika hapa. Haukuuliza shamba ni la nani wala kisima hunywesha mifugo ya nani. Ndiyo sababu hata leo ukoo mmoja una maboma katika nchi mbili. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mpaka huo, na serikali yake ikadai ardhi yote hadi mtoni. Katika vita vilivyofuata Mutukula ilibomolewa. Wazee waliokuwapo wanajua gharama ya kudai ardhi kwa silaha.

Mipaka ya ndani nayo imebadilika, ila kwa amani. Nchi hii ni ya saza la kale la Buddu katika Buganda. Kiserikali ilikuwa chini ya Masaka, kisha Rakai. Lyantonde ilitengwa na Rakai mwaka 2006, na tarehe 1 Julai 2017 Kyotera ikaanza kazi ikiwa na kaunti mbili, Kyotera na Kakuuto. Nia ilikuwa kuzisogeza huduma karibu na wananchi. Hivyo mzee wa Kakuuto ambaye hajahama hata siku moja aweza kuwa na hati zilizoandikwa Masaka, nyingine Rakai, na nyingine Kyotera.

Ndugu wananchi, kubadilika kwa jina la wilaya hakumnyang'anyi mtu kiwanja chake. Akija mtu akisema hati yako imekufa kwa sababu imeandikwa Rakai, naye anataka fedha ili aifufue, usimlipe. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji, kisha uje kituoni.

La pili ni mifugo. Nyayo za ng'ombe walioibwa zikifika mpakani, simameni hapo. Kundi la watu wenye mapanga likivuka usiku, wenyeji wa upande wa pili hawawezi kujua kama ni wenye mali au ni wezi, na damu ikimwagika haitarudisha ng'ombe. Toeni taarifa mara moja, mkitaja rangi, alama na njia waliyopita, ili tuwasiliane na wenzetu wa Tanzania wakati nyayo zingali mbichi. Nanyi majirani wa Tanzania, fanyeni vivyo hivyo katika kituo chenu.

La tatu, nguzo ya mpaka isiguswe. Anayeing'oa ili apanue malisho hajiongezei ardhi. Anawaachia watoto wake ugomvi.

Mpaka tuliurithi, wala hatukuuchora. Lakini kuishi kando yake kwa amani ni kazi yetu sote, polisi na raia.