Mafunzo ya Kuruka kwa Ala kwa Marubani wa Helikopta za Wagonjwa

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya usafiri wa wagonjwa wa dharura, Gulwe, Wilaya ya Mpwapwa



Tangu asubuhi imesemwa mara kadhaa, na kwa haki, kwamba helikopta moja tu ingeondoa adha kubwa ya mgonjwa anayetoka Kibakwe, Rudi au Lumuma akielekea hospitali, kwa kuwa kutoka hapa hadi Dodoma ni takriban kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, mwendo usiotimiza nusu saa kwa chombo hicho. Sina nia ya kuipinga hoja hiyo. Nataka kuizungumzia siku ambayo helikopta hiyo itahitajiwa kupita siku nyingine zote, na mtu atakayekuwa ameketi kwenye kiti cha urubani siku hiyo.

Gulwe imo bondeni mwa mto Kinyasungwe, vilima vya Mpwapwa vikiwa upande wa kaskazini na safu za Rubeho upande wa kusini, na tangu Wajerumani walipoifikisha reli Dodoma mwaka 1910, mto huo na reli hiyo havijapata kuwa majirani wema. Aghalabu masika yanapokuwa makali, maji hushuka pamoja na mchanga wake, yakachimba tuta, yakazika njia, yakakata barabara, kama yalivyofanya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, hata treni zikakoma kupita baina ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Basi tuangalie jambo hili kwa makini: mvua iliyoibomoa njia ya chini ndiyo hiyo hiyo inayolishusha wingu likafunika vilele vya vilima. Siku ambayo gari la wagonjwa haliwezi kuvuka mto ndiyo siku ambayo rubani anayetegemea macho yake hana haki ya kupaa. Kwa hiyo helikopta yenye rubani wa namna hiyo itatufaa zaidi wakati wa kiangazi, ambapo hata gari lingefika, na wakati wa masika itakaa Dodoma chini ya turubai, au, na hili ndilo ninaloliogopa, itapaa kwa sababu mama mzazi anavuja damu na hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema hapana.

Wako watakaonikumbusha ajali ya treni ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002, ambapo treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo, wakafariki watu 281, si mbali na hapa tulipo. Ni kweli kwamba siku ile ilikuwa ya kiangazi, na helikopta ingeweza kuja kwa macho. Lakini msiba ukitufika mwezi wa Februari, usiku, je?

Jibu la eneo letu tumelipata kwa machungu. Tarehe 30 Julai 2005, helikopta ya rais wa Uganda, aina ya Mi-172, ilikuwa ikimrudisha kiongozi wa Sudan, Dokta John Garang, kutoka Rwakitura kwenda New Site, kusini mwa Sudan. Giza na hali mbaya ya hewa vikawakuta njiani, na chombo kizima, chenye watu 14, kikagonga mlima karibu na mpaka. Haikuwa helikopta mbovu, wala haikuwa ya watu maskini. Ilikutana na mlima ambao hakuna aliyeuona.

Desturi ya kuwahudumia wagonjwa kwa njia ya anga si ngeni kwetu. Huduma ya Flying Doctors ya AMREF iliasisiwa mwaka 1957 na matabibu Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na watu wa Dodoma walizizoea ndege za shirika la MAF zilizotua kwenye viwanja vya udongo. Hata hivyo desturi hiyo ni ya ndege zenye mabawa, na ndege yenye mabawa, ikiisha kusawazishwa vyema, hupenda kuendelea kuruka ilivyo hata rubani akilegeza mkono kidogo. Helikopta ndogo isiyo na mtambo wa kujiendesha haina tabia hiyo. Mkono wa kulia umeshika fimbo ya kuelekeza, wa kushoto umeshika wenzo wa kupanda na kushuka, miguu miwili iko kwenye pedali za mkia, na kiungo kimoja kikisogea, vyote vingine vyapasa kufuata. Rubani wa chombo hicho akiingia winguni bila mafunzo, hana mkono wa ziada wa kufunulia ramani wala nafasi ya akili ya kufikiri.

Kwa nini apotee, ilhali ni mzima na amezoea kazi yake? Sababu imo masikioni. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu iliyojaa maji, na mwili hujua kwamba unageuka kwa sababu maji hayo yanachelewa kuifuata mifereji. Lakini mgeuko ukiendelea kwa upole kwa muda wa sekunde 20 hivi, maji huufikia mwendo wa mifereji, kama maji ya ndoo iliyozungushwa hata yakazunguka pamoja na ndoo yenyewe, na hapo sikio huarifu kwamba kila kitu kimetulia. Rubani akirudisha chombo sawa, sikio hulalamika kwamba sasa ndiyo anapinduka. Akilisikiliza, atakirudisha chombo katika mgeuko ule ule, kitazidi kulala, kitaanza kushuka, naye atavuta fimbo. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Illinois, marubani 20 wasiokuwa na ujuzi wa ala walizuiwa kuona nje wakiwa ndani ya ndege. Wote wakapoteza udhibiti wa ndege, na wastani wa muda kabla ya kuupoteza ulikuwa sekunde 178. Hizo zilikuwa ndege zenye mabawa, ambazo nimekwisha kuzisifu kwa utulivu wao.

Mafunzo ya ala, basi, kwa asili yake ni kumfundisha mtu kuukana ushahidi wa mwili wake. Mwanafunzi huvishwa kofia yenye kizuizi kinachomficha anga, asione ila ala zilizo mbele yake. Mwalimu humwambia afumbe macho na kuinamisha kichwa, kisha yeye mwenyewe hukigeuza chombo polepole, akakiinua pua, akakipunguzia mwendo, na ghafula humwambia: "Fumbua. Ni chako." Mwanafunzi huona upeo bandia, ala inayoonyesha ulalo wa chombo, umelala upande, na kila mshipa wa mwili wake unaapa kwamba ameketi wima. Katika kufundisha kwangu nimeona mabega yakipanda hadi masikioni na vidole vikiwa vyeupe kwa kukaza fimbo. Na hapo mwalimu mwema hapigi kelele, bali husema kwa sauti ya kawaida: nyoosha kwanza, weka nguvu ya kupanda, tunza mwendo, shika uelekeo usio na mlima, na baada ya hayo yote ndipo useme na mwongoza ndege. Utaratibu huo haubadiliki. Kuanza na redio ni kosa la kwanza, nalo laweza kuua.

Kosa la pili ni la jicho linaloganda. Mwanafunzi huitazama ala ya mwinuko mpaka akaushika mwinuko barabara, na wakati huo uelekeo umemponyoka kwa digrii 30. Jicho hufunzwa kuondoka kwenye upeo bandia, likagusa ala moja, likarudi, likagusa nyingine, likarudi, na mwendo huo hauingii mwilini kwa kusomewa darasani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo Tanzania ikiwa nchi mwanachama huzifuata kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, TCAA, zinataka saa 40 za ala kabla ya rubani kupewa idhini ya kuruka kwa ala, na zinaruhusu saa 20 kati ya hizo, au 30 panapotumika mtambo kamili wa kuigiza ndege, zifanyiwe ardhini. Hicho ni kima cha chini, nami nakihesabu kuwa ni mlango tu.

Nasema hivyo kwa sababu idhini huchakaa. Tarehe 26 Januari 2020, karibu na Los Angeles, helikopta iliyombeba mchezaji Kobe Bryant ilianguka wakafa wote tisa. Rubani wake alikuwa na idhini kamili ya kuruka kwa ala, lakini kampuni yake iliruhusiwa kuruka kwa macho pekee. Alipofunikwa na wingu alimwarifu mwongoza ndege kwamba anapanda, ilhali chombo kilikuwa kinapinda kushoto na kushuka. Cheti kilikuwapo, ila mazoea ya siku zote hayakuwapo. Marekani yenyewe, baada ya mwaka 2008 kuwa mwaka wa vifo vingi kupita yote katika historia ya helikopta zake za wagonjwa, ilitoa kanuni mwaka 2014, na kuanzia Aprili 2017 hakuna nahodha wa helikopta ya wagonjwa nchini humo asiyetakiwa kuwa na idhini ya ala. Nchi tajiri ilichukua miongo kuufikia uamuzi ambao sisi twaweza kuanza nao.

Kwa nyanda zetu za kati, mafunzo yapaswa kuwa na sura ya mahali. Rubani azoezwe usiku usio na mwezi, kwa maana kutoka hapa kuelekea Rudi hakuna taa za kumwonyesha ardhi iko wapi, na nyota moja juu ya kilima huweza kudhaniwa taa ya nyumba. Azoezwe vumbi la kutua, linalofunika kioo katika mita chache za mwisho, ambapo ala humfaa kwa sekunde chache tu kabla hajalazimika kuamua kupanda tena. Azifahamu nyaya za umeme za reli mpya ya SGR, ambazo hazikuwapo miaka michache iliyopita na ambazo sasa zinafuata bonde lile lile ambalo rubani aliyebanwa na wingu angetamani kulifuata kwa chini. Kufuata reli lilikuwa shauri la wazee wa urubani. Hapa Gulwe leo ni shauri la hatari.

Wala haitoshi rubani kujua kuruka ndani ya wingu. Lazima awe na njia ya kutoka. Norway na Uswisi zimechora njia za setilaiti kwa ajili ya helikopta zao za wagonjwa, kila njia ikimleta rubani hadi nukta maalumu angani karibu na kituo, ambapo akiona ardhi ataendelea kwa macho, na asipoiona atapanda na kurudi bila kusita. Gulwe yaweza kupatiwa njia kama hiyo, ikipimwa na kuidhinishwa na TCAA. Lakini ala ya mwinuko husoma mgandamizo wa hewa, na kosa la hektopaskali moja tu ni takriban mita 8 za mwinuko. Kwa hiyo mtu mmoja wa hapa, awe wa stesheni au wa zahanati, afunzwe na Mamlaka ya Hali ya Hewa kusoma kipimo hicho na kusema kwa redio ni kilima gani anachokiona na kipi kimefunikwa. Hiyo ni kazi ya mwenyeji, na gharama yake ni ndogo.

Jambo la mwisho lahusu uamuzi. Namba 115 ya mpango wa m-mama imekwisha kutuzoesha kumwita dereva kwa ajili ya mama mjamzito, na yamkini helikopta nayo itaitwa kwa njia inayofanana na hiyo. Anayempigia rubani asimwambie mgonjwa ni nani wala ana hali gani. Amwambie mahali, uzito na saa, basi. Rubani aamue kwa kuitazama anga peke yake, kisha ndipo aambiwe; na akiwa njiani, yeyote kati ya rubani, mganga na muuguzi akisema turudi, warudi bila kuulizwa sababu mpaka watakapotua. Waganga wenzetu huona utaratibu huu ni wa ukatili. Mimi nauona ndio unaowaacha hai kuhudumia wagonjwa wa kesho yake.

Naiomba semina hii, kwa hiyo, iandike katika maazimio yake kwamba bajeti ya helikopta yoyote itakayohudumia Mpwapwa itenge kwanza saa za mafunzo ya ala, pamoja na zoezi la kila mwezi kwa kila rubani na mtambo wa kujiendesha ndani ya chombo, kabla ya kununuliwa hata rangi ya kukipaka. Na kwamba fedha zisipotosha kwa helikopta na mafunzo yake, tuendelee kuimarisha magari na madaraja mpaka zitakapotosha.