Maji ya Jua na Swali la Nyanya



Haya niliyazungumza mbele ya vijana wenzetu baada ya Alasiri, nikaombwa niyaandike. Ni habari ya chupa ya soda na jua. Usicheke kwanza.

Likizo iliyopita mdogo wangu aliharisha siku tatu. Sisi maji yetu ni ya kisima, na choo cha shimo hakiko mbali. Kuchemsha kwataka makaa, na makaa ni pesa. Nikaosha chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, nikazijaza, nikazilaza juu ya bati. Nyanya akaniita: "We mjukuu wangu, chuoni ulisoma nini? Maji ya jua si makruhu?"

Wallahi nilinyamaza. Tuanze na jua lenyewe.

Jua lina miale tusiyoiona, iitwayo ultravayoleti. Ikiingia majini, nguvu yake huigeuza oksijeni iliyomo ikawa kali, ikavishambulia vijidudu mpaka vikafa. Kwa hivyo si joto peke yake linaloua, ijapokuwa maji yakifika nyuzi 50 kazi huenda mbio zaidi. Ndiyo maana chupa hujazwa robo tatu, ikatikiswa ili hewa ichanganyike, kisha ikajazwa pomoni.

Aftim Acra na wenzake wa Beirut, Lebanon, waliliandika jambo hili mwaka 1980. Hapa kwetu lilijaribiwa Kajiado kwa watoto wa Kimaasai 206, na matokeo yakachapishwa 1996: waliokunywa maji ya chupa zilizowekwa juani walipungukiwa na kuharisha kukali, kuliko wale ambao chupa zao zilikaa ndani ya nyumba. Si hadithi ya Ulaya hii.

Lakini usifanye ovyo. Chupa isizidi lita 2. Isimamishe juu ya gazeti, uchungulie kutoka mdomoni. Kama husomi kichwa cha habari, maji ni machafu mno, yachuje. Jua kali, saa sita. Mawingu yakizidi nusu ya anga, siku mbili. Mvua ya kutwa, chemsha tu. Nyuma ya kioo cha dirisha haifai, kioo huzuia sehemu ya miale hiyo. Na chumvi ya kisima itabaki pale pale, wala sumu za kemikali haziondoki.

Sasa swali la Nyanya. Aliyesoma Abi Shujaa anayajua maji mushammas: ni tohara na yanatoharisha, ila ni makruhu. Nikarudi kwa maalim. Akanambia karaha ile ina masharti: chombo cha madini ya kufuliwa kama shaba au chuma, nchi ya joto, na maji yatumiwe yangali moto, kwa kuchelea ugonjwa wa baras. Yakipoa, karaha huondoka. Na Imam Nawawi, wa madhehebu yetu hayahaya, alichagua kuwa hakuna karaha kabisa. Plastiki si shaba.

Nikampelekea Nyanya jibu. Akafikiri, akasema, "Basi yaache yapoe."

Sasa chupa hupanda batini saa tatu asubuhi, hushuka saa tisa, huingia kivulini. Magharibi ikiadhiniwa, yake huwa ya kwanza kufunguliwa.