Beringi za Tela Zikaguliwe Kabla ya Msimu
(Mazungumzo ya fundi wa gereji ya Chama Kikuu mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya matela, kwa kuwa katika miaka yangu ya gereji nimeona kwamba tela ni mtoto wa kambo wa chama. Trekta lina dereva wake, lina daftari lake, lina siku yake ya kubadilishiwa oili. Tela hukaa nyuma ya ghala tangu msimu uishe, kuku wakilala chini yake; kisha siku ya kwanza ya ununuzi hufungwa nyuma ya trekta na kupakiwa tani 4 za pamba. Hakuna aliyeuliza habari za magurudumu yake.

Chama kimoja, ambacho jina lake nitalihifadhi, kilituita usiku. Gurudumu la kushoto la tela lilikuwa limechomoka kilomita chache kabla ya kufika kiwanda cha kuchambulia pamba. Wapakiaji wawili walikuwa wamekaa juu ya mzigo, na mmoja wao alivunjika paja. (Kwa nini watu walipanda juu ya mzigo, hilo nalo ni swali la uongozi.) Nilipomulika kwa tochi niliona ncha ya ekseli imegeuka rangi ya buluu kwa moto. Beringi ya nje ilikuwa vipande vitupu, na mahali pa pini ya nati palikuwa na msumari. Dereva alisema gurudumu lilikuwa likilia tangu wiki iliyotangulia. Nilimwuliza amemwarifu nani. Hakukuwa na daftari la kuandika jambo hilo, wala mtu aliyepewa kazi ya kulisikiliza.

Ndugu zangu, beringi haifi ghafla. Hulia kwanza, kisha huchemka, kisha gurudumu hucheza. Dereva akisimama baada ya kilomita 10, aguse kila kitovu cha gurudumu, yaani habu. Vuguvugu si neno. Lakini ikiwa mkono hauwezi kutulia hapo, safari isiendelee. Na kabla ya msimu, tela liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya magogo imara, kila gurudumu litikiswe juu na chini na kuzungushwa kwa mkono. Likicheza au kukwaruza, lifunguliwe. Hata lisipocheza, lifunguliwe mara moja kwa mwaka.

Ndani mtakuta beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Zioshwe kwa mafuta ya taa mpaka grisi ya zamani iishe, zikaushwe kwa kitambaa safi, kisha zitazamwe kwenye mwanga wa jua. Yenye vishimo, yenye kubanduka, au iliyogeuka buluu haina dawa. Na hapa ndipo vyama vingi hupotezea fedha: hununua koni mpya na kuiacha bakuli ya zamani ndani ya habu, kwa kuwa kuing'oa ni kazi. Bakuli iliyolika huila koni mpya kabla msimu haujaisha. Vibadilishwe vyote viwili pamoja.

Katibu asiagize kwa kusema "beringi ya tela." Koni ina namba yake iliyochongwa ukingoni, na bakuli ina yake. Namba hizo ziandikwe katika daftari la mali, ukurasa wa tela, pamoja na kipimo cha sili. Sili ibadilishwe kila habu inapofunguliwa, na beringi mpya isitolewe katika karatasi yake mpaka saa ya kuifunga.

Grisi ishindiliwe kwa kiganja ndani ya koni, kutoka upande mpana, mpaka itokeze upande wa pili. Habu yenyewe isijazwe yote. Grisi ikizidi huchemka, husukuma sili, na kuangukia breki. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, mpaka lianze kuwa zito. Kisha ilegezwe kidogo, hadi tundu la pini lionekane na gurudumu lizunguke jepesi bila kucheza. Pini iwe mpya, na ya kipimo chake.

Wenzetu mnaovuka mito mna shida ya ziada. Habu iliyochemka ikiingia katika maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Kwenu kufungua mara moja kwa mwaka hakutoshi.

Juu ya breki nitasema machache. Lainingi iliyolowa grisi haisafishiki, hata kwa petroli. Itupwe, na zibadilishwe za pande zote mbili za ekseli, ama sivyo tela litavuta upande mmoja. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Dereva naye aziunganishe pedali mbili za breki za trekta kwa komeo lake kabla ya kuingia barabarani. Akikanyaga moja tu, trekta litageuka na tela litalisukuma. Mteremko ashuke kwa gia ndogo, aliyoiingiza kabla ya kuanza kushuka.

Ndugu Mwenyekiti, tela moja liko juu ya magogo hapo uani, na gurudumu la kulia halijaguswa. Baada ya chai naomba makatibu wateremke pamoja nami, kila mmoja aifungue nati kwa mkono wake na kunisomea namba ya beringi atakayoikuta. Mafuta ya taa na vitambaa vipo tayari.