Kusubu na Kupaka Rangi Chubwi za Risasi: Wajibu wa Chama

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya wavuvi



Mvuvi wa mshipi hawezi kufanya kazi yake bila uzito. Mkondo ukiwa na nguvu, chambo chepesi huchukuliwa na maji kabla hakijafika kwenye mwamba akaapo chewa au changu. Ndiyo sababu risasi imependwa sana na wavuvi. Uzito wake ni zaidi ya mara 11 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, nayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida.

Kwa hiyo chubwi nyingi husubiwa nyumbani. Wapo pia mafundi wanaosubu risasi juu ya shingo ya ndoana hata ikawa kichwa kizito, kisha wakakipaka rangi na kukivika manyoya ili kifanane na samaki mdogo. Ndoana hiyo hushushwa hadi chini, ikachezeshwa kwa kuvutwa na kulegezwa, na kolekole huirukia akidhani ni windo.

Rangi ya kawaida ya mafuta hubanduka upesi ikigonga matumbawe. Iliyo imara zaidi ni rangi ya unga, ambayo ni plastiki iliyosagwa pamoja na rangi yenyewe. Kichwa cha risasi kwanza hutolewa mabaki ya kalibu kwa tupa, kikasafishwa mafuta, kisha kikapashwa moto hadi kufikia nyuzi 180 hivi. Hapo huchovywa katika unga kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kikatolewa. Unga hushika na kuyeyuka papo hapo. Ukibaki kama vumbi, joto lilikuwa dogo. Ukitoa moshi, joto lilizidi. Tundu la kufungia mshipi huzibuliwa kwa sindano rangi ikiwa bado laini. Mwisho, vichwa hutundikwa katika tanuri lenye nyuzi 180 kwa muda wa dakika 20 hivi, au kama alivyoagiza mtengenezaji wa unga, ili rangi ikomae. Kwa kuwa joto hilo ni chini sana ya lile la kuyeyusha risasi, kichwa hakiharibiki.

Rangi hiyo ina faida ya pili iliyo kubwa kuliko uzuri wake. Huifunika risasi, mkono wa mvuvi usiiguse kila siku. Lakini, ndugu wajumbe, hapana budi jambo hili lieleweke sawasawa: rangi humlinda anayeishika chubwi, haimlindi anayeisubu. Hatari kubwa imo katika chungu, katika jivu linaloelea juu ya risasi iliyoyeyuka, na katika vumbi linalobaki sakafuni baada ya kazi.

Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa pumzi na kwa mdomo, ikajificha mifupani kwa miaka mingi. Mtu mzima huumwa tumbo, hukosa choo, hupungukiwa damu na kuchoka bila sababu. Mtoto huathirika zaidi, kwa kuwa mwili wake hunyonya sehemu kubwa zaidi ya sumu aliyoimeza, na ubongo wake ungali unakua. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mifano ipo, na mmoja umetoka kwa wavuvi wenzetu. Katika Thiaroye-sur-Mer, mji wa wavuvi karibu na Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari na kuchekecha udongo ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Nchini Kenya, katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziwezi kumrudishia mtoto akili iliyopotea.

Yafuatayo basi yafaa yawe kanuni katika kila chama.

Kwanza, betri za magari zisivunjwe kamwe kwa ajili ya chubwi. Zina tindikali, na risasi yake aghalabu imechanganywa na madini mengine yenye sumu.

Pili, kazi ifanywe nje, upepo ukimtoka fundi mgongoni, mbali na jiko la chakula, kisima na watoto. Sufuria ya kusubia isirudi jikoni, wala tanuri la kukaushia rangi lisiokewe mkate.

Tatu, kalibu, ndoana na risasi viwe vikavu kabisa. Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Fundi avae viatu, glavu, miwani na nguo za mikono mirefu.

Nne, fundi asile wala kuvuta sigara kazini. Anawe kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe. Na mvuvi aache desturi ya kubana chubwi kwa meno.

Ni dhahiri kwamba mvuvi mmoja hawezi kuyatimiza yote haya katika ua wa nyumba yake. Hapo ndipo ushirika unapohitajika. Chama chenye banda moja la kusubia, kalibu chache, tanuri moja na mafundi wawili waliofundishwa kinaweza kuwatosheleza wanachama wake wote, na moto ukazimwa katika nyua nyingi. Gharama hugawanywa, na mafundi hao hupelekwa kupimwa damu, kwa maana kipimo hicho ndicho kinachoonyesha mapema kama sumu imeingia. Na pale ambapo jiwe au chuma chakavu kinatosha kuzamisha mshipi, risasi iachwe.

Kamati za vyama zinaombwa kulijadili jambo hili katika mikutano yao. Samaki anayevuliwa ni kwa ajili ya kuwalisha watoto, na chombo kinachomvua hakipaswi kuwadhuru watoto haohao.